Mnamjua Andy Chande wa Freemason. Je, Chande wa unga?

Kaunta ya Mbele (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila jina la marehemu Sir Andy Chande linapotajwa, mjadala unakimbilia Freemason, kile chama cha siri. Damu, majoka, mastaa waliotolewa kafara, basi, hakuna anayetaka kusikia kingine. Nimesoma nikanyamaza vya kutosha. Leo naleta upande ambao mimi kama mfanyabiashara naona ndio mzito. Huyu mzee alikuwa na vinu vya kusaga nafaka. Serikali ikavitaifisha. Halafu serikali ileile ikamwambia kaa hapohapo utuendeshee, naye akakaa. Asubuhi akaingia ofisini kwenye kampuni iliyokuwa ya ukoo wake, safari hii kama mwajiriwa.

Hapo kwenye kukaa ndipo ninapotaka tujadili. Mengine nitayapitia ili tuelewane.

Jina kamili ni Jayantilal Keshavji Chande. Alizaliwa Mombasa tarehe 7 Mei 1928 na kufariki Nairobi tarehe 7 Aprili 2017, umebaki mwezi mmoja atimize miaka 89. Ukizitazama tarehe na miji hiyo peke yake utadhani ni Mkenya. Lakini alipelekwa Tanganyika akiwa mchanga kabisa, akakulia Bukene, wilaya ya Nzega, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya huku kwetu. Hata kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2005 kimebeba jina la Bukene kwenye jalada. Mtu ana cheo cha Malkia wa Uingereza, amezunguka dunia, anaweka Bukene kwenye jalada. Wanyamwezi wenzangu mtanielewa.

Kwa nini Bukene? Reli. Tawi la Tabora kwenda Mwanza lilifika Mwanza mwaka 1928, mwaka uleule aliozaliwa Chande. Kabla ya hapo mzigo wa njia hiyo ulitegemea vichwa vya wapagazi. Reli ilipopita, kila stesheni iligeuka mlango wa soko. Wahindi wa Gujarat, na baba yake akiwa mmoja wao, walifungua maduka kandokando ya njia hiyo.

Tunaposema "duka la Mhindi" wengi tunawaza kaunta na pipi. Duka la stesheni lilikuwa biashara mbili ndani ya chumba kimoja. Upande mmoja unauza nguo, chumvi, sukari, mafuta ya taa, majembe. Upande wa pili unanunua mpunga, karanga, samli, ngozi. Mkulima analeta karanga, anapokea fedha, nusu ya fedha hiyo inarudi kaunta kabla hajatoka mlangoni. Behewa lililoleta bidhaa halirudi tupu, linapakia mazao. Faida inatoka kwenye kwenda na kwenye kurudi. Na yote hayo yaliendeshwa kwa mkopo: muuza jumla wa pwani anamkopesha mwenye duka, mwenye duka anamkopesha mkulima hadi mavuno. Mvua ikigoma mwaka mmoja, mnyororo wote unalia.

Kutoka kununua mazao hadi kuyasaga ni hatua moja, lakini ni hatua ya mtaji. Mkulima akiuza mpunga anauza na makapi. Mwenye kinu anauza mchele, anauza chenga, anauza pumba. Mwenye kinu cha mafuta anauza mafuta na mashudu. Hakuna kinachotupwa. Ukoo wa Chande uliingia huko, na kijana Jayantilal aliporudi kutoka masomoni (sehemu ya masomo yake aliipata India) akaikuta familia imeshaacha kuwa ya kaunta. Chande Industries ikawa miongoni mwa makampuni makubwa ya kusaga nafaka nchini. Kabla ya Uhuru aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, maana yake alikuwa ndani ya chumba wakati nchi inapangwa.

Kisha ikaja Februari 1967. Azimio la Arusha limetangazwa tarehe 5. Benki zikachukuliwa kesho yake. Ndani ya siku chache orodha ikafika kwa wasaga nafaka, kwa sababu chakula hakikutakiwa kukaa mikononi mwa mtu binafsi. Chande Industries ikaenda. Baadaye vinu hivyo pamoja na vya wengine vikawa Shirika la Taifa la Usagishaji, lile ambalo wazazi wetu walilijua kwa jina moja tu, NMC. Mwalimu Nyerere akamtaka Chande abaki, na ndiye aliyekuwa meneja mkuu.

Naomba tutafakari kwa akili ya biashara, tuache siasa kidogo. Azimio lilichukua majengo, mashine, magunia na leseni. Halikuweza kuchukua kujua. Kinu si mashine ya kuwasha na kuzima. Lazima ujue mahindi ya wapi yamevunwa na unyevu, ghala gani lina fukusi, behewa ngapi uombe na mwezi gani uombe, mteja gani akisema atalipa Ijumaa analipa Ijumaa. Serikali ilikuwa na sera, haikuwa na watu hao. Mwalimu alilijua hilo. Na nadhani Chande naye alilijua, akaamua kwamba alichobakiwa nacho ndicho kilichokuwa na thamani zaidi.

Au labda alikubali tu kwa sababu hapa ni kwao. Hilo nalo linawezekana, na si dogo.

Naishia hapa kwa sasa. Shule, bodi na familia nitavigusa kwenye maoni. Matusi ya rangi ya mtu sitayajibu.

---

Simba wa Kitanda

Umeandika gazeti zima hujagusa Freemason. Wamekulipa ngapi?

---

Mkulima Asiye na Jembe

Mleta uzi, umeandika vizuri ila umeupaka sukari. Mimi nina mambo mawili.

La kwanza, huyu hakuwa na dhiki. Mtu aliyeoa binti wa Muljibhai Madhvani, mwenye Kakira, mwenye kiwanda cha sukari kilichokuwa kinajulikana Afrika Mashariki nzima, huyo akitaifishwa anahama kitanda, halali chini. Wapo wenye duka moja mjini waliopoteza nyumba mwaka 1971 ilipopita sheria ya majengo yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Hao hawakuitwa Ikulu kubembelezwa. Walifunga mizigo.

La pili, hiyo NMC unayoiita kazi ya ujuzi ndiyo iliyomuua mkulima. Waulize wazee wa Rukwa na Ruvuma.

---

Kaunta ya Mbele

Mkuu Mkulima, la kwanza nakupinga kwa hoja yako mwenyewe. Mtu asiye na pa kwenda akibaki, hatujui kama amependa au amekwama. Mwenye pa kwenda akibaki, hapo ameamua. Chande alikuwa na London, alikuwa na India, alikuwa na wakwe Uganda. Kila mlango ulikuwa wazi.

Na hao wakwe, tazama kilichowakuta. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Manubhai Madhvani, shemeji yake Chande, akawekwa gerezani Makindye. Kakira ikaachwa, mashamba yakawa pori, na familia ilikuja kurudi miaka ya 1980 kufufua mabaki. Kwa hiyo ndani ya ukoo mmoja, upande wa mume walichukuliwa mali wakaombwa wabaki, upande wa mke walichukuliwa mali wakafukuzwa. Nadhani kwenye meza ya chakula ya nyumba ile watu walijua tofauti ya Nyerere na Amin kuliko profesa yeyote wa siasa.

Hao wa 1971 wenye nyumba moja nakubaliana nawe kwa asilimia zote. Wale waliumizwa na historia yao haiandikwi.

---

Wakili wa Kijiweni

Niongeze kitu ambacho kinasahaulika. Oktoba 1961, Uhuru bado miezi miwili, bungeni kulikuwa na hoja kwamba uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alikasirika waziwazi, akasema uraia utafuata utii kwa nchi na si rangi, na akatishia kujiuzulu serikali nzima hoja ikipita upande ule. Kwa Mhindi wa Bukene aliyekaa kwenye baraza lile, hilo lilikuwa tangazo kwamba kuna mtu wa kumwamini. Ukija miaka sita baadaye ukamwambia "nimechukua vinu vyako, nisaidie," yupo anayeweza kukusikiliza kwa sababu ulisimama upande wake siku ilipokuwa ghali kusimama.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Chande alitishwa. Kulikuwa na akiba ya imani kati ya watu wale wawili.

Na tuwe wakweli kisheria, sheria za utaifishaji ziliahidi fidia kamili na ya haki. Utekelezaji ni hadithi ndefu, lakini haikuwa uporaji wa mtutu.

---

Simba wa Kitanda

Akiba ya imani, hahaha. Imani gani? Mbona hamsemi ile nyumba ya Freemason ya mjini ina alama ya bikari na jicho?

---

Bibi wa Stesheni

Wanangu, hamjambo. Nawasoma tu kila siku, leo nimeona niseme.

Mimi NMC naikumbuka kwa gunia na kwa foleni. Mwanangu Mkulima kasema kweli, mambo yaliharibika. Ila nyie vijana mnachanganya miaka. Kazi iliyoanza nayo NMC ilikuwa kusaga. Kununua mazao ya nchi nzima ilibebeshwa baadaye, 1973, bodi ya mazao ilipofutwa. Mwaka huohuo na uliofuata mvua zikagoma, watu wanahamishiwa vijijini katikati ya njaa, mashamba mapya hayajapandwa. Chakula kikaagizwa nje kwa meli. Ndipo tukala yanga, ule unga wa njano wa Marekani. Watoto walikuwa wanaukataa, unapika ugali unaonekana kama umetia manjano. Lakini uliwaokoa wengi, tusiutukane.

Halafu mwaka 1976 wakavunja vyama vikuu vya ushirika. Sasa shirika la kusaga likatakiwa liende kijiji kwa kijiji likiwa na mizani na fedha taslimu. Msaga unga akawa mnunuzi, mchukuzi, mtunza ghala la taifa, mwagizaji wa nje na mlipa ruzuku. Mtu gani anaweza?

---

Kaunta ya Mbele

Shikamoo bibi. Umenisaidia sana, na naomba niendelee pale ulipoachia, kwa sababu hapa ndipo mfanyabiashara anapoumwa kichwa.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya zao kwa nchi nzima. Mahindi ya Sumbawanga yalinunuliwa kwa bei ileile ya mahindi ya Morogoro. Kwa mkulima wa Sumbawanga hiyo ilikuwa neema, naye akalima sana. Lakini mlaji yuko Dar es Salaam. Kusafirisha gunia kutoka Sumbawanga hadi Dar kulikula fedha kuliko gunia lenyewe. Na bei ya sembe mjini nayo imepangwa, haipandi. Unanunua ghali, unasafirisha ghali, unauza rahisi. Kila gunia ulilonunua zaidi ndivyo ulivyozama zaidi. NMC ikawa na madeni makubwa benki kiasi kwamba deni lake likawa tatizo la uchumi wa taifa zima.

Mtu aliyelelewa kwenye duka la stesheni hesabu hiyo anaiona kwa kuitazama tu. Kwao behewa halikurudi tupu. Hapa hata likija limejaa ni hasara. Mkuu Mkulima anasema NMC ilimuua mkulima, mimi nasema wa pembezoni ilimpa soko kwa muda na ikafa yenyewe kwa kumpa. Aliyeumia zaidi ni wa karibu na soko, ambaye angepata bei nzuri kama angeruhusiwa kumuuzia amtakaye, akaishia kuuza kwa njia za panya.

Kwa hiyo nikimpima Chande simpimi kwa mizania ya NMC ya miaka ile. Hakuna mkono wa meneja ambao ungeigeuza.

---

Mkulima Asiye na Jembe

Bibi shikamoo, umenifunga nusu mdomo. Nusu nyingine naendelea nayo: meneja mwenye jina kama lake angeweza kusema hadharani kwamba hesabu haziendi. Ukikaa ndani ukanyamaza unakuwa sehemu ya kitu.

---

Wakili wa Kijiweni

Kusema hadharani mwaka gani, ndugu yangu? Miaka ile watu wazima waliongea na redio zimewashwa kwa sauti.

---

Dumuzi Mstaafu

Mmegusa ghala mkanikumbusha mdudu niliyepigana naye maisha yangu yote ya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palepale mkoa wa Tabora aliibuka mdudu mgeni wa mahindi, wakulima wakambatiza Scania, jina la lori, kwa jinsi anavyobeba na kumaliza. Tunamwita dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Anatoboa mahindi yakiwa kwenye gunzi, anaacha vumbi. Kabla yake mkulima alitunza mahindi darini juu ya moshi wa jiko na yalikaa. Baada yake dawa ikawa lazima na watu wakaanza kupukuchua kabla ya kuhifadhi.

Nimeleta hili kwa sababu mleta uzi amesema kinu si mashine ya kuwasha na kuzima. Ni kweli tupu. Biashara ya unga inashindwa au kushinda ghalani, kinuni unamalizia tu.

---

Kaunta ya Mbele

Asante mkuu Dumuzi, jina lako limeeleweka sasa.

Kuna aliyeniandikia pembeni akiuliza, "umesema utagusa familia, mbona hakuna familia?" Sawa. Nitasema kidogo kwa sababu mkewe na watoto ni watu binafsi na si halali kuwachambua humu. Alioa mara moja, ndoa ikadumu zaidi ya nusu karne, wakajaliwa watoto watatu wa kiume. Hilo linatosha kuhusu nyumba yake.

Lakini familia kama chombo cha biashara tunaweza kuizungumzia, maana bila hiyo humwelewi mfanyabiashara yeyote wa kizazi kile. Benki za kikoloni hazikumkopesha mwenye duka wa Bukene. Nani alimkopesha? Mjomba, binamu, mtu wa kijiji kimoja cha Gujarat aliyetangulia kufika Mombasa. Dhamana ilikuwa jina. Ukikimbia deni, dada yako haolewi na mwanao hapati mkopo. Ndugu mmoja anakaa Dar kupokea meli, mwingine Tabora kupokea treni, wa tatu porini kununua karanga, na hakuna hata mmoja mwenye mkataba ulioandikwa. Na ndoa, tusione aibu kulisema, ilikuwa inaunganisha pia vitabu vya hesabu. Binti wa Kakira kuolewa na mtoto wa wasaga nafaka wa Tanganyika halikuwa jambo la wapenzi wawili tu, ingawa kudumu kwake zaidi ya miaka hamsini ni kazi ya wapenzi wawili.

Sasa piga picha: kampuni ya ukoo imechukuliwa, una watoto wa kiume watatu, na kwenye jamii yako baba anapimwa kwa anachowaachia wanawe. Hiyo ndiyo sehemu ya kubaki ambayo sijasikia mtu akiizungumzia. Kujitolea wewe ni rahisi. Kuwaambia wanao kwamba duka halipo tena, someni, ni kitu kingine.

---

Dada wa Upanga

Labda ndiyo maana aliingia sana kwenye shule. Mimi nilisoma Shaaban Robert pale Upanga, na jina lake tulilikuta pale likiwa la mwenyekiti wa chama kinachoimiliki. Shule ilianzishwa na jumuiya ya Wahindi, lakini wakaipa jina la mshairi wa Kiswahili kutoka Tanga aliyefariki 1962. Sisi tuliosoma na watoto wa kila rangi na dini hatukuona ajabu, ni ukubwani ndiyo nimeanza kuona kwamba kuna watu walikaa mezani wakaamua iwe hivyo.

Kuna na shule ya viziwi Buguruni, hiyo nayo alihangaika nayo miaka mingi. Watu wa Rotary wanaijua habari yake zaidi yangu.

---

Chumvi Kiasi

Haya, kwa kuwa Simba hatatuacha, naomba tulimalize hili la Freemason kwa utulivu.

Ni kweli alikuwa. Hakuwahi kuficha. Alikuwa mkuu wao wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, chini ya chama mama cha London ambacho chimbuko lake ni mwaka 1717. Kazi hiyo ilimfanya asafiri Kenya, Uganda, hadi Shelisheli. Miaka ile ya 2011 na 2012 ambapo kila msanii akinunua gari anaambiwa amejiunga, yeye ndiye aliyekubali kukaa na waandishi wa habari na kujibu maswali yote, hata ya kafara, kwa uso mkavu. Mzee wa miaka themanini na zaidi.

Kanuni zao zinajulikana: mwanachama lazima aamini kuna Mungu, anaapa kwa kitabu cha dini yake, na ndani ya vikao hairuhusiwi kubishana dini wala siasa za vyama. Chande alikuwa Mhindu. Usiri wanao, hilo sitawatetea, na mimi binafsi siwezi kujiunga na klabu ambayo mke wangu haruhusiwi kuingia. Lakini kutoka kwenye usiri hadi kunywa damu pana safari ndefu na hakuna aliyewahi kuleta hata kituo kimoja cha katikati.

---

Simba wa Kitanda

Kila mwenye siri ana sababu. Nimesema.

---

Bibi wa Stesheni

Mwanangu Simba, hata mimi nina siri na sababu ninayo, na damu sijanywa.

---

Gari Moshi la Jioni

Bibi ameua 😂

Turudi kwenye safari. Kichwani kwangu huyu mzee ni ramani. Mombasa mchanga, reli hadi Bukene, meli kwenda India, Dar kikazi, heshima ya KBE ya Malkia wa Uingereza ambayo ndiyo ilimpa hilo jina la Sir, na mwisho Nairobi hospitalini. Alizaliwa chini ya gavana wa Kiingereza akafa wakati wa Magufuli, maana yake marais wote watano wa kwanza aliwaona kazini. Wa kwanza alimchukulia vinu. Aliishi kuona vinu vya NMC vinauzwa tena kwa watu binafsi miaka ya ubinafsishaji, na mwenyewe akakaa kwenye uenyekiti wa bodi ya Barclays Tanzania, benki ambayo mwaka 1967 ilitaifishwa wiki moja na yeye. Hiyo ya Barclays nikiiwaza nacheka peke yangu. Wote wawili walitolewa mlango mmoja, wakaja kukutana tena ndani.

---

Kaunta ya Mbele

Mkuu Gari Moshi, hiyo ya Barclays sikuwahi kuiunganisha hivyo. Nakazia.

Mkulima, swali lako la kunyamaza limenikaa. Jibu langu ni hili, ulipokee au ulikatae. Mfanyabiashara anasema kwa kubaki au kuondoka, hana lugha nyingine. Wengi waliondoka na kusema kwa kuondoka, na walikuwa na haki. Yeye alisema kwa kubaki. Unaweza kumlaumu kwa alichokisema, usimlaumu kwamba hakusema.

Sasa na mimi niwaulize wenye biashara mliomo humu. Umejenga kiwanda na baba yako kwa miaka ishirini. Kesho kinachukuliwa kwa sheria, fidia imeahidiwa, halafu mkuu wa nchi anakuita na kukuomba kwa heshima uendelee kukiendesha kwa mshahara. Ungekaa?

---

Wakili wa Kijiweni

Ningekaa. Nikiwa nje ningesikia tu kwamba mashine ya baba imeharibika na sina la kufanya.

---

Dumuzi Mstaafu

Ningekaa kwa ajili ya wafanyakazi. Fundi wa kinu aliyezoea mashine moja miaka kumi na tano humpati kwa tangazo.

---

Mkulima Asiye na Jembe

Mimi nisingekaa. Na fidia ningeidai kila wiki.

---

Dada wa Upanga

Ningemuuliza mume wangu, halafu ningefanya nilichokuwa nimeshaamua.

---

Simba wa Kitanda

Ningekaa miezi mitatu nawafundisha kazi huku tiketi iko mfukoni.

---

Kaunta ya Mbele

Simba, hilo ndilo jibu lako la kwanza la maana tangu uzi uanze. Sasa niambie, hiyo miezi mitatu ungewafundisha kweli, au ungeacha koki moja imelegea?